Chai inayotokea puani: kizibo cha kaakaa kwa watu wazima

Wengi wanaotufikia sisi, watengenezaji wa vizibo vya kaakaa, ni watu wazima. Walizaliwa na kaakaa, yaani paa la kinywa, lililopasuka. Wengine walishonwa utotoni pakabaki tundu, wengine hawakuwahi kufika hospitali. Wakinywa chai, inatokea puani. Wakisema "baba" unasikia "mama", kwa sababu hewa inayotakiwa kubanwa mdomoni inapenya juu. Wengi wamezoea kunyamaza mbele za watu, na hilo linatuuma kuliko tundu lenyewe.

Tuseme wazi: kwa mtoto, upasuaji ndio tiba, na kaakaa kwa kawaida hushonwa akiwa na miezi 9 hadi 18. Mpelekeni mapema; Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT wanaifanya kazi hiyo. Sisi tunamhudumia mtu mzima ambaye daktari ameona upasuaji haumfai, au anausubiri, au alishonwa na tundu likarudi.

Tunamtengenezea kizibo cha plastiki ngumu, ileile ya meno bandia, kinachofunika kaakaa na kushikiliwa na vikulabu vya waya kwenye meno. Kama ana mapengo, meno tunayapanga humo humo. Kabla ya kuchukua kipimo cha kinywa kwa uji unaoganda, daktari wa meno hufunika tundu kwa shashi yenye vaselini, ule uji wa kipimo usije ukapanda puani.

Kazi ngumu iko nyuma, kwenye kaakaa laini. Likiwa fupi, hata ukiziba tundu la mbele sauti itabaki ya puani. Hapo kizibo huongezewa mkia wenye kinundu. Daktari hukipaka nta laini, kisha mteja anameza, anageuza shingo huku na huku, anasema "papa", "kaka", na misuli ya koo lake ndiyo inayoifinyanga nta. Kinundu kikizidi unene, kupumua kwa pua kunakuwa shida; kikipungua, hewa inavuja. Hatua hii hatuiharakishi hata tukisihiwa.

Chai hukoma mapema kutokea puani. Matamshi huchukua muda, maana ulimi umeshazoea njia zake, na mazoezi na mtaalamu wa usemi yanahitajika.

Kioshe kila baada ya kula kwa brashi laini na sabuni. Maji ya moto yatakipinda. Kikichubua, usikikwangue kwa tupa, kilete. Na ukija mara ya kwanza, beba karatasi za upasuaji kama unazo, pamoja na meno bandia ya zamani, hata yaliyovunjika.