Siku za vilima vidogo katika Tour de France nazo zisimuliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu namna kurasa zako za michezo zinavyoripoti mashindano ya baiskeli ya Tour de France kila ufikapo mwezi Julai. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Chartres, mji ulio kusini-magharibi mwa Paris, na gazeti lako hulisoma mtandaoni. Waandishi wako huzieleza vizuri siku za milima ya Alps na Pyrenees: nani alimwacha nani, katika mlima upi na kwa sekunde ngapi. Lakini mashindano yanapopita katika nchi ya mashamba na vilima vidogo, msomaji hupewa jina la mshindi na umbali wa hatua, yaani kipande cha njia cha siku moja, basi, kana kwamba waendeshaji walikuwa wakipitisha muda tu wakisubiri milima ifike. Kwa maoni yangu, habari nyingi zenye uzito hupotea hapo, zikiwamo zile zinazowahusu Waafrika.

Tuchukue tarehe 12 Julai 2013. Hatua ya 13 ilitoka Tours kwenda Saint-Amand-Montrond, umbali wa kilomita 173, katikati kabisa ya Ufaransa. Aliyevaa jezi ya njano, ya anayeongoza kwa muda wa jumla, alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye katika ujana wake alipikwa kimichezo na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah katika mji wa Kikuyu. Siku hiyo njiani hapakuwa na mlima wowote wa kutisha. Kilichokuwapo ni upepo wa ubavuni. Upepo unapotoka mbele, waendeshaji hupanga mstari na kila mmoja hujikinga nyuma ya mwenzake. Unapotoka ubavuni, kinga huhamia pembeni, na kwa hiyo mstari hulazimika kukaa mshazari kuvuka barabara. Barabara ikijaa, wanaobaki nje hujipanga ukingoni mwa lami bila kinga yoyote, na mmoja wao akizidiwa hata kwa mita mbili, wote walio nyuma yake wamekatika pamoja naye. Hivyo ndivyo mpinzani wake Alberto Contador na wenzake wa timu walivyolipasua kundi na kumwacha Froome nyuma kwa dakika moja na sekunde tisa. Alejandro Valverde, aliyekuwa wa pili katika msimamo wa jumla, alipata hitilafu ya gurudumu wakati mbaya kuliko wote, akapoteza zaidi ya dakika tisa, na matumaini yake ya ushindi yakaishia hapo. Ni nadra mpandaji hodari kupoteza muda wa namna hiyo mlimani kwa siku moja.

Mwaka 2014 Froome huyohuyo, akiwa bingwa mtetezi, alitoka mashindanoni katika hatua ya tano kwa kuanguka kwenye lami yenye utelezi wa mvua kaskazini mwa nchi, milima ikiwa bado mbali. Mwaka 2016 mambo yakageuka. Katika hatua ya kutoka Carcassonne hadi Montpellier, upepo ukiwa mkali, alichomoka na Peter Sagan kilomita za mwisho na kujiongezea sekunde chache, pamoja na sekunde anazozawadiwa anayeshika nafasi ya pili, mbele ya wapinzani waliodhani siku hiyo ni ya wale hodari wa kutimka kwa kasi mita za mwisho. Ushindi wake wa miaka minne umeandikwa sana kwa kutaja mlima Ventoux. Sikumbuki kusoma kwa Kiswahili habari za upepo wa Saint-Amand-Montrond.

Labda ugumu wa nchi hii hauonekani kwa asiyeiendesha, kwa hiyo niseme machache kutokana na ninayoyajua kwa miguu yangu mwenyewe. Kutoka Chartres ukielekea mashariki na kusini unaingia Beauce, uwanda wa ngano ambako minara ya kanisa kuu huendelea kuonekana nyuma yako kwa muda mrefu, na ambako hakuna mti wa kukukinga. Ukielekea magharibi unaingia Perche, nchi ya malisho, misitu na vijito, na hapo barabara hupanda kwa kilomita moja, ikashuka, ikavuka daraja dogo, ikapanda tena. Mlima mrefu hudai deni lake mara moja; vilima hivi hudai shilingi shilingi kutwa nzima, na jioni unajikuta huna kitu. Mgeni hudanganyika kwa sababu kila kilima ni kifupi mno kiasi kwamba huona aibu kubadili gia, akasimama juu ya pedali na kukilazimisha kwa nguvu za misuli. Wenyeji hubadili gia mapema, hukaa kwenye kiti, hutunza kasi ya mteremko ili iwabebe nusu ya mpando unaofuata, na hawashindani na mtu kabla ya saa ya tatu ya safari. Inapendeza kumtazama mzee wa miaka sabini akikupita kwa utaratibu huo bila kuhema, akikusalimu.

Barabara zenyewe ndizo zinazouwezesha mchezo huu, na hilo pia lingefaa kusimuliwa. Ufaransa ina karibu wilaya ndogo 35,000, nyingi zikiwa vijiji tu, na karibu kila kijiji kimeunganishwa na majirani zake kwa barabara nyembamba za lami ambazo magari mengi huziacha yakitafuta barabara kuu. Sheria inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache nafasi ya angalau mita moja ndani ya mji na mita moja na nusu nje ya mji, na inamruhusu hata kukanyaga mstari mweupe usiokatika ili apate nafasi hiyo, mradi anaona mbele vizuri. Mwaka 2018 kikomo cha mwendo katika barabara nyingi za vijijini kilishushwa kutoka kilomita 90 hadi 80 kwa saa, ingawa baadaye baadhi ya mikoa iliruhusiwa kukirudisha na ikafanya hivyo katika sehemu za barabara zake. Si madereva wote wanaotii. Tena kuna kero ndogo ndogo: kokoto zinazomwagwa juu ya lami mpya wakati wa kiangazi, matope ya matrekta wakati wa kuvuna viazisukari, na ile kanuni ya kumpisha anayetoka kulia katika njia panda zisizo na alama, ambayo humshtua kila aliyejifunza udereva kwetu. Duka la mikate la kijiji nalo aghalabu hufungwa siku uliyolitegemea. Maji huyakosi, kwa kuwa makaburi mengi ya vijijini yana bomba la kumwagilia maua, na waendeshaji hujaza chupa zao hapo, wakihakikisha kwanza kwamba hakuna kibao kinachosema maji hayo hayanyweki.

Anayetaka kupima uzito wa vilima hivyo na aitazame safari ya Paris-Brest-Paris, iliyoanza mwaka 1891, yaani miaka kumi na miwili kabla ya Tour de France yenyewe. Siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne, si ya kushindania fedha, na walio wengi hutakiwa kumaliza takriban kilomita 1,200 katika muda usiozidi saa 90, kulala kukiwamo. Sehemu ya juu kabisa ya njia hiyo, katika vilima vya Brittany, haifiki hata mita 400 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, ukijumlisha vipando vyote vya kwenda na kurudi unapata zaidi ya mita 10,000, ilhali kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Wanavijiji huweka meza mbele ya nyumba zao usiku na mchana, wakiwagawia wapita njia kahawa na keki, wengi wao bila kupokea malipo.

Nimesema kwamba habari zinazopotea zinawahusu Waafrika. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, hadi mwisho, jambo ambalo hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kulifanya. Gazeti lako lilimpongeza, na lilistahili kufanya hivyo. Lakini ushindi wake wa pili aliupata Colombey-les-Deux-Églises, kijiji alikozikwa Jenerali de Gaulle, baada ya siku ya mvua na vilima visivyokwisha, kwenye mstari wa mwisho uliowekwa katika mpando, na hiyo ndiyo ardhi inayowachosha wale watimkaji wa mwishoni walio wazito na kumfaa mtu wa aina yake. Wa tatu aliupata Villeneuve-sur-Lot, katika hatua iliyotoka Aurillac, na siku hiyohiyo Primož Roglič, mmoja wa waliopewa nafasi ya kutwaa ubingwa, alianguka karibu na mwisho, na kesho yake hakuanza. Msomaji asiyeelezwa sura ya nchi hawezi kuelewa kwa nini Girmay alishinda hapo na asishinde kwingine.

Mwaka uliofuata, katika mashindano ya wanawake, Kim Le Court wa Mauritius, kisiwa kilicho katika Bahari ya Hindi kama vilivyo vyetu, alivaa jezi ya njano huko Brittany na kisha akashinda hatua iliyoishia Guéret, mji wa vilima katika mkoa wa Creuse. Hakuna Mwafrika aliyewahi kushinda hatua ya mashindano hayo kabla yake. Katika kurasa zenu sikuona zaidi ya mstari mmoja.

Ombi langu ni dogo na halina gharama. Siku ambayo hakuna mlima, mwandishi aseme upepo ulivuma kutoka wapi, mpando wa mwisho ulikuwa na urefu gani, kundi lilikatika wapi na nani alibaki nyuma. Habari hizo hupatikana jioni ileile. Hatua nyingi humalizika yapata saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za huku, ambayo kwenu ni saa kumi na mbili na nusu, na naamini gazeti la kesho bado halijaingia mtamboni.

Wako katika kujenga,

Msomaji wenu,
Chartres, Ufaransa