Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Ambao Hatukupanda

Ndugu wanachama,

Nawasalimu, na nawashukuru wachache mliofika kwa wakati. Shughuli za kawaida mnazijua: kitalu kiliendelea, kamati ilikutana mara 6, tulitembelea shule 4, mafunzo ya kupogoa yalifanyika, na maoni yetu kuhusu mpango mpya wa matumizi ya ardhi yalipelekwa jijini kabla ya tarehe ya mwisho. Katibu yupo, mwenye swali atamuuliza.

Niingie moja kwa moja kwenye lile ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu: uamuzi wa kutopanda mti hata mmoja mwaka huu.

Nimesoma yote mliyoandika kwenye kundi letu la simu. Nimeambiwa ninakizika chama. Mwenzetu mmoja akauliza, chama cha miti kisichopanda miti ni chama cha nini? Ni swali la haki na nitalijibu. Lakini kwanza iwekwe wazi kwamba uamuzi ulipita kwenye kamati kwa kura 7 dhidi ya 2, na muhtasari umo kwenye jalada. Wazo lilikuwa langu, hilo silikani, na leo hii ningelileta tena.

Lilianzia kwenye ile barabara tuliyoipanda miaka mitatu iliyopita, siku ile ya fulana za kijani na picha nyingi. Tulipanda miche 120. Nilipita asubuhi moja peke yangu nikahesabu iliyo hai: 41. Nikadhani nimekosea, nikarudi nikihesabu kutoka upande wa pili. Ikawa 41 ileile. Mingine ilikuwa imenyongwa na kamba zetu wenyewe, zile za nailoni tulizofungia kwenye vigingi tukazisahau, hadi zikazama ndani ya gome. Mingine tuliifukia shina kupita kiasi. Mingine tuliiweka kwenye udongo ulioshindiliwa na magari hadi ukawa kama sakafu. Maji hayapenyi na mizizi haipati hewa. Na 12 iling'olewa bomba la maji lilipopitishwa, kwa sababu hatukumuuliza mtu ramani ya mabomba, wala hakuna aliyetuuliza tulikopanda. Sikulala vizuri siku ile.

Ndipo nikapendekeza tuhesabu. Fedha za miche, takribani theluthi mbili zake, zilihamishiwa kwenye sensa ya miti, maji na matandazo. Kuna aliyesema nilijilipa posho. Sikuchukua posho hata siku moja, na mweka hazina ana vitabu, vifunguliwe hapa mbele yenu.

Sensa ilichukua siku 14. Tulipita mitaa 6, tukapima mzingo wa kila shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kama wapimaji wa misitu wanavyofanya, tukaandika aina, hali ya taji, yaani matawi na majani ya juu, na waya au ukuta ulio karibu. Tulipata miti 2,318. Kati ya hiyo, 1,290 ni ya aina moja tu, ule mti unaokua haraka ambao kila mtu huuomba kitaluni. Ni zaidi ya nusu. Ndugu zangu, hili ndilo jambo lililonitisha kuliko miche iliyokufa.

Mwaka 1990 mtaalamu wa miti wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza kipimo ambacho miji mingi hukitumia hadi leo: spishi moja, yaani aina moja ya mti, isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji, jenasi moja, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, isizidi 20, na familia moja, yaani kundi la jenasi zinazokaribiana, isizidi 30. Hakukitoa hewani. Miji ya huko ilikuwa imejaza barabarani mielmu, miti ya kivuli ya huko, ukaja ugonjwa wa kuvu ukaiangusha mtaa mzima kwa mara moja. Mahali pengi wakaziba pengo kwa kupanda miashi, aina nyingine ya miti ya kivuli, nayo kwa wingi uleule. Mwaka 2002 karibu na Detroit akagunduliwa mbawakawa wa kijani atokaye Asia, ambaye mabuu wake hula chini ya gome la miashi, na tangu hapo makumi ya mamilioni ya miti hiyo imekufa. Kosa moja likarudiwa mara mbili. Nasi tulikuwa tunalirudia kila msimu wa mvua, kwa makofi. Tungepanda mwaka huu, tungepanda nini? Kitalu chetu kilikuwa na mche uleule.

La pili ambalo sensa imeonyesha ni mgawanyo. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alitoa mwaka 2021 kanuni ya 3-30-300: kila nyumba iweze kuona miti 3, kila mtaa ufunikwe na kivuli cha miti kwa asilimia 30, na bustani au eneo la kijani lisiwe zaidi ya mita 300 kutoka mlangoni. Mimi nikisimama mlangoni kwangu naona miti 7. Kuna wanachama wa mitaa mipya ya pembezoni ambao hawaoni hata mmoja, na nyumba zinaendelea kujengwa bila kuachwa ukanda wa kupandia. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa kwenye sentimita 60 za juu na husambaa kupita upana wa taji. Tundu dogo kwenye lami ni kama chungu cha maua, na mti mkubwa haukui kwenye chungu. Nafasi ya mti lazima ichorwe pamoja na barabara na mfereji. Ikishamwagwa lami, tumechelewa.

Jiji la Melbourne, Australia, katika mkakati wake wa miti wa mwaka 2012, ilijiwekea lengo la kutoka asilimia 22 ya kivuli hadi 40 ifikapo 2040. Walianza kwa kuijua miti yao, hadi kukadiria kila mmoja umebakiwa na miaka mingapi. Sisi tulikuwa tunatangaza idadi ya miche tu.

Sasa mahudhurio. Wanachama waliosajiliwa ni 86, waliolipa ada ni 29. Siku za kupanda huja watu 60 na zaidi. Kwenye sensa wastani ulikuwa watu 4, nami nilikuwepo siku zote 14. Kwenye zamu za kumwagilia kuna Jumamosi tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja aliyenizidi umri, tumebeba madumu. Baadhi ya waliopiga kelele kuhusu kutopanda hawakuonekana hata mara moja, na hawajalipa ada mwaka wa pili huu. Inaniumiza, nasema kweli. Pamoja na hayo, kati ya miti michanga 214 tuliyoimwagilia na kuifungua kamba, imekufa 19 tu.

Kwa mwaka ujao, natumaini kitalu kitapata mbegu za aina nyingine, hasa za miti ya asili. Tunatarajia pia mazungumzo na wahandisi wa barabara, na Mungu akijalia tutarudi kupanda mvua zikianza, miche michache na yenye watu wa kuitunza kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo.

Karatasi ya zamu za maji iko kwenye meza ya mlangoni. Ina wiki 26, na mpaka asubuhi hii imejazwa majina mawili. Mweka hazina atapokea ada palepale.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti