Kabla hujanunua kadi ya poti nane za siriali kwa seva ya saa

Mteja mmoja alikuja dukani na seva yake ya saa kwapani, kompyuta ya Linux inayogawia mashine nyingine saa sahihi kutoka GPS. "Kaka, GPS inaona satelaiti kibao, mbona saa yangu imepitwa?" Tukaiwasha, tukaendesha ppstest, programu ya kukagua mpigo wa sekunde wa GPS: mpigo unaingia kila sekunde bila kuruka. Tukailinganisha na seva yetu. Tofauti ilikuwa milisekunde 100, wala haichezi. Namba iliyotulia namna hiyo haitoki angani, inatoka kwenye waya.

Risiva ya GPS inakupa vitu viwili. Kuna maandishi ya NMEA, yanayotaja saa na tarehe, halafu kuna mpigo wa umeme, PPS, unaosema sekunde imeanza sasa hivi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde kila herufi inakula takriban milisekunde moja, kwa hiyo sentensi ya herufi 70 ikimalizika kufika, sekunde imeshaanza kitambo. Usahihi wote uko kwenye mpigo, nao huingia kompyuta kwa pini ya DCD, ile namba 1 ya DB9, plagi ya poti ya siriali.

Mteja wetu alikuwa amepitisha mpigo kwenye chipu ya MAX3232 ili kuupandisha kutoka volti 3.3 hadi volti za RS-232, zile za poti ya siriali. Chipu hiyo hugeuza ishara juu chini. Mpigo wake ulikuwa na urefu wa milisekunde 100, na Linux ikawa inahesabu mwisho wake badala ya mwanzo. Kwenye chrony, programu inayorekebisha saa ya seva, tuliandika /dev/pps0:clear, yaani ihesabu ishara inapozima, basi. Hatukumuuzia kitu siku hiyo.

Ila alikuwa anataka pia kadi ya poti nane ya kuunganisha risiva mbili, UPS, na konsoli za swichi, yaani poti za kuzisimamia. Hapo ndipo watu hutupa hela.

Swali la kwanza usiulize bei, uliza DCD inatoka wapi. Kadi nyingi za poti nane hutoka na kebo ya matawi, na nyingine hutumia soketi za RJ45 zenye pini 8. DB9 ina pini 9, kwa hiyo kuna waya lazima uachwe nje. Wakati mwingine ni RI, ile ya kuashiria simu inaita, ambayo huna haja nayo. Wakati mwingine ni DCD, na hapo umenunua pambo. Kuna kadi nyingine zina waya wa kutuma (TX), wa kupokea (RX) na ardhi tu, hizo usiziguse.

Adapta za USB tunaziuza, lakini kwa konsoli. USB ya megabiti 12 hutembea kwa vipindi vya milisekunde moja, na mpigo wako utayumba humo humo. Vile visanduku vya siriali vinavyopita kwenye mtandao ndiyo kabisa, havifai kwa PPS.

Kadi ya PCIe ni sawa, ila ina jambo ambalo hulioni kwenye boksi. Kwa kawaida poti zote nane hutumia katizo moja, yaani kengele moja ya kumwita prosesa. Kengele ikilia, keneli inapita poti moja baada ya nyingine kuuliza nani kaita, na kila kusoma kupitia PCIe huchukua kama mikrosekunde moja. Sasa fikiria risiva mbili: zote hupiga mwanzoni mwa sekunde ileile, kila sekunde, mwaka mzima. Zinagongana daima, na moja itaandikwa imechelewa. Kwa kamera za ulinzi hilo si kitu. Kwa anayelinganisha risiva mbili, anapima kadi yake bila kujua. Sisi tunashauri risiva kuu ikae kwenye poti ya COM ya mazabodi kama ipo, ya pili kwenye kadi, na konsoli zijaze zilizobaki.

Halafu usirudishe kadi haraka ukiona poti nne tu. Matoleo mengine ya Linux huandaa ttyS, yaani poti za siriali, nne peke yake, ongeza 8250.nr_uarts=16 kwenye vigezo vya kuwashia keneli, kisha uwashe upya.

Ukija, njoo na risiva pamoja na kebo ileile utakayotumia. Tunaifunga kwenye kadi hapa kaunta, tunaandika ldattach 18, amri ya kuifanya poti isome PPS, kwenye poti husika, na unaiona ppstest ikihesabu kabla hujatoa pesa.