Kwa mdogo wangu, kuhusu kile chumba cha taipureta

Mdogo wangu,

Shikamoo yako umeikata siku nyingi, basi leo naanza mimi. Simu hupokei. Ujumbe unasoma, tiki mbili za buluu, kisha kimya. Naandika hapa kwa sababu najua hapa unapita.

Mwanangu ana gemu la kilimo, linaitwa Stardew Valley. Juzi nimemkuta usiku wa manane, nikamwambia azime. Akasema, "Mama, ngoja nimlaze kwanza, nisipomlaza siku yote inapotea." Kumbe mle haisevu mpaka mtu wako apande kitandani, na ukimchelewesha hadi saa nane za usiku za mlemle, anazimia hapohapo alipo. Nikasimama mlangoni nikamsubiri amlaze. Ndipo nikakukumbuka.

Wewe ulikuwa na gemu la Resident Evil 2, ile ya Capcom, ya 1998. Mimi nyuma yako nabangua korosho, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda, pedi ya kuchezea sithubutu kuigusa. Kazi yangu kupiga kelele tu. Kituo kizima cha polisi kimejaa maiti zinazotembea, halafu unafungua mlango mmoja, muziki unatulia. Taipureta, na kasha pembeni. Ulinifundisha kwamba kitu ukikiweka kwenye kasha la chumba kimoja, unakikuta kwenye kasha la chumba kingine, hata ukishuka chini kabisa ya mji. Na kwamba kusevu ni kwenye taipureta, na kila mara kunakula utepe wa wino, na tepe zenyewe za kuhesabu. Nikauliza, wakitufuata humu je? Ukacheka: "Hapa hawaingii, dada."

Maneno hayohayo uliniambia siku ya tatu ya msiba wa mama.

Uani pale Mikindani wanawake wamejaa, kuni mbichi zinafuka, wageni wa Newala wamefika na ming'oko yao, na mimi ndiye naulizwa chumvi iko wapi, masinia mangapi, maji kachota nani. Mama mkubwa akaniuliza mbele ya watu, "Huyo mdogo wako kajificha wapi?" Nikaingia ndani. Pazia umelishusha. Yule askari wako wa kwenye gemu, mgeni kazini, Leon, amesimama kando ya taipureta, hatikisiki. Pedi iko mkekani, waya umeuzungusha vizuri. Hukuwa unacheza. Nililiona hilo, siwezi kusema sikuliona. Hukugeuka. "Niache kidogo. Hapa hawaingii."

Nikachomoa waya ukutani. Na lile neno nikalisema, ambalo hapa sitaliandika.

Lakini na wewe! Kuniachia nyumba nzima ya watu, wewe ndiye mwanaume pekee wa mama, wazee wanakuulizia. Nilikuwa na miaka 21. Mimi chumba changu kilikuwa kipi? Nililia chooni na ndoo mkononi, ili wadhani nimekwenda na shughuli. Nakushauri kama dada: mkubwa hajibiwi kwa kimya cha miaka 18, hata akikosea. Na siku ile kama ningekaa chini kukuomba radhi, nani angepakua?

Rafiki yako wa banda la gemu ndiye aliyeniambia, miaka imeshapita, kwamba ulikuwa hujasevu. Utepe umebaki mmoja, ulikuwa unautunza. Hukunitamkia. Ulikunja mkeka, ukatoka uani, ukabeba masinia mpaka magharibi.

Mashine tuliiuza msimu uleule wa korosho, na hela yake unajua ilikokwenda. Memori kadi, ile inayotunza ulichosevu, sikuiuza. Imo kwenye kopo la vifungo vya mama, juu ya kabati.

Ukija usihangaike na mlango wa mbele, umevimba kwa mvua. Zunguka uani.

Dada yako