Daktari Cox hakulainika

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapisha juma lililopita kuhusu Scrubs, tamthilia ya kuchekesha ya hospitali ambayo wengi wetu hapa Lubumbashi tuliitazama ikiwa imetiwa sauti za Kifaransa. Mwandishi anadai kwamba Daktari Perry Cox, aliyeanza mwaka 2001 akiwa mkali kama pilipili, alimaliza akiwa mpole asiye na ladha, kwa sababu watunzi walitaka kuwapendeza watazamaji. Naomba nafasi ya kuipinga hoja hiyo, kwa kuwa nimekuwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani kwa miaka 26, na watu wa aina yake nimezunguka nao vitandani kila asubuhi.

Ulimi wa Cox haukubadilika. Miaka inapita, naye bado anamwita J.D., daktari kijana anayetaka Cox awe mlezi wake katika kazi, kwa majina ya wasichana. Kinachoongezeka ni yale tunayoruhusiwa kuyaona nyuma ya ukali huo. Mwaka 2004 anafiwa na Ben, rafiki yake na kaka wa Jordan aliyekuwa mke wake, na tangu hapo hadi mwisho wa sehemu ile anaongea na marehemu kana kwamba yu hai, akiamini kuwa wanakwenda kusherehekea mwaka wa kwanza wa mwanawe, hadi J.D. anapomuuliza anadhani wako wapi, na sisi watazamaji tunatambua kwamba tuko mazishini.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya mwaka 2006. Mwanamke mmoja anafariki, inadhaniwa kuwa ni kwa dawa za kulevya, na viungo vyake wanapandikizwa wagonjwa watatu. Kumbe alikufa kwa kichaa cha mbwa, na wote watatu wanafariki. (Jambo hili si la kubuni tu: mwaka 2004, huko Texas, wagonjwa waliopandikizwa viungo walikufa kwa ugonjwa huohuo.) Wawili wasingeweza kusubiri, lakini yule wa tatu angeweza kuishi mwezi mmoja zaidi akingoja figo nyingine, na ni huyo mmoja anayemvunja Cox. Anarudi kazini amelewa, kisha anajifungia nyumbani bila kusema neno, na wenzake wanakwenda kukaa naye kwa zamu, kama tunavyokaa matangani. J.D. anamwambia kwamba anamheshimu kwa sababu, baada ya miaka mingi ya udaktari, kifo cha mgonjwa bado kinamuumiza kiasi hicho.

Nilifanya kazi na daktari ambaye wanafunzi walijificha chooni waliposikia viatu vyake. Usiku mmoja, baada ya kumpoteza mama aliyekuwa amemtibu kwa majuma manne, nilimkuta ameketi kwenye ngazi nyuma ya maabara, koti lake likiwa magotini, na sikuthubutu kumsemesha. Asubuhi alitufokea kama kawaida, na hakuna hata mmoja wetu aliyenung'unika. Mwandishi wenu angesema kwamba daktari huyo alikuwa amebadilika? Mimi nasema kwamba sisi ndio tulikuwa tumemjua.

Kuhusu Daktari Kelso, nakubaliana na makala: baada ya kustaafu kwake, yule mkuu wa hospitali aliyejali fedha kuliko wagonjwa anageuka mzee mwema upesi mno.

Lakini Cox, hapana. Mwaka 2009, J.D. anapoaga hospitali, Cox anakiri mbele ya daktari mwanafunzi kwamba kijana huyo alikuwa bora na kwamba ni rafiki yake, naye hajui kuwa J.D. amesimama nyuma yake akisikiliza. Angekuwa amelainika kama mlivyoandika, maneno hayo angemwambia J.D. mwenyewe, tena miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Wenu katika heshima,
Muuguzi mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi