Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maoni Yetu kuhusu Sera ya Taifa ya Mawasiliano ya Sayansi

Ndugu wanachama,

Kazi iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu ni kuandaa maoni ya chama kuhusu sera ya taifa ya mawasiliano ya sayansi. Baada ya mabishano marefu, kamati ilikubaliana kwamba kila kibali cha utafiti kiambatane na sharti la kurudisha matokeo, kwa Kiswahili, kwa watu waliotoa taarifa, sampuli au mashamba yao.

Wapo wajumbe walioona kuwa sheria zilizopo zinatosha, kwa kuwa COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986 ikiwa na jukumu la kusambaza taarifa za sayansi, na tangu 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Sheria hii ya pili, hata hivyo, humngoja mwananchi aombe, na hakuna aombaye asichojua kama kipo.

Tuchukue mihogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu na mtafiti H. H. Storey wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanga, mwaka 1936. Shamba lenye ugonjwa huo huweza kuonekana limestawi, mkulima akamgawia jirani pingili kwa moyo mweupe, kumbe anamgawia virusi. Hasara huonekana siku ya kung'oa. Mjumbe wetu mmoja alimkuta mama mkoani Pwani akichonga kwa kisu mabaka makavu ya kahawia ndani ya mhogo, akitia sufuriani vipande vilivyosalimika. Watafiti walishafika shambani kwake mara mbili kuchuma majani, na hakuna aliyerudi kumwambia waliona nini.

Hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha naiona dhaifu. Barakoa lilikuwa vazi la uso la wanawake wa pwani. Janga la UVIKO-19 lilipoingia mwaka 2020, neno hilo likahamia hospitalini, na sijasikia aliyeshindwa kulielewa. Kinachokosekana ni fungu la fedha la kuwalipa wafasiri, na ndiyo maana tumependekeza litengwe ndani ya bajeti ya kila utafiti tangu mwanzo.

Maoni hayo tuliyawasilisha katika ofisi husika, nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na hadi naandika taarifa hii hatujajibiwa. Kamati inaomba idhini yenu iyafuatilie kwa kufika ofisini, nauli ikitolewa katika akiba ya warsha iliyoahirishwa. Hesabu zenyewe atazisoma mweka hazina.