Siena sio mji wa masaa mawili, mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana ile makala yenu ya kutembelea Italia imenikaa kooni tangu niisome. Roma mmeipa nusu ukurasa, Venezia mmeipa picha kubwa kubwa, afu Siena mkaimaliza kwa sentensi moja kwamba masaa mawili yanatosha, piga picha uwanjani rudi kwenye basi. Jamani!

Najua hiyo hesabu imetoka wapi, ndio ratiba ya makundi mengi yanayotoka Firenze (Florence), mji jirani, watu wanashushwa jua limeshawaka, wanamfuata mtu mwenye kibendera, uwanja, kanisa kuu, aiskrimu, haya wote kwenye basi. Lakini hiyo ni ratiba ya dereva, msitupe sisi wasomaji kama ndio ushauri.

Tuanze na huo uwanja wenyewe, Piazza del Campo. Una umbo la gamba la chaza, sakafu ya matofali inateremka taratibu mpaka chini mbele ya Palazzo Pubblico, jengo la serikali ya mji, na ukiangalia vizuri utaona mistari ya mawe meupe imeugawa vipande 9. Hivyo vipande ni kwa ajili ya wale wakubwa tisa waliotawala Siena kuanzia 1287 mpaka 1355, wakiitwa tu "wale Tisa", wafanyabiashara na watu wa benki, wanakaa humo humo ndani ya jengo miezi miwili afu wanabadilishwa wanaingia wengine. Kila mtalii anaupiga picha mnara, Torre del Mangia, wenye moyo wanapanda zile ngazi kama 400, sawa, juu kuna upepo na mandhari nzuri. Ila wachache sana wanaingia kwenye vyumba vya chini yake, na hapo ndipo mimi nilipochoka na makala yenu.

Maana humo kuna chumba walichokuwa wanakutania hao Tisa, na kuta zake zilichorwa na Ambrogio Lorenzetti 1338 mpaka 1339, upande mmoja serikali nzuri, upande mwingine serikali mbaya, yaani wakubwa walijichorea mtihani wao ukutani wauone kila wakikaa kikaoni. Kwenye mji wa serikali nzuri kuna mafundi wako juu ya paa wanajenga, kuna fundi viatu dukani kwake, mwalimu ana wanafunzi mbele yake, punda wamebeba mizigo, watu wameshikana mikono wanacheza ngoma katikati ya barabara, nje ya geti kuna wakulima wanavuna na mtu anamswaga nguruwe kuingia mjini. Juu ya hao wote anaruka mwanamke mwenye mabawa, mkono mmoja ana karatasi inayosema kila mtu atembee bila woga, mkono wa pili kashika mti wa kunyongea na kuna mtu ananing'inia. Upande wa pili umeharibika sana lakini bado unamwona mtawala mwenye pembe kakaa, na Haki iko chini yake imefungwa kamba. Mimi siasa za leo sitazitaja hapa, mtazijaza wenyewe, ila niambieni kwenye masaa mawili hiki chumba unakiangalia saa ngapi?

Kanisa kuu nalo, lile la mistari ya weusi na weupe ambazo ndio rangi za mji, watu wanaangalia juu tu wakati mali iko miguuni. Sakafu nzima ni michoro ya marumaru, 56 kwa jumla, kazi iliyoanza karne ya 14 na kuendelea mpaka ya 19, na kwa kuwa miguu inaila sehemu kubwa inafunikwa, inafunuliwa yote vipindi fulani tu, mara nyingi kati ya Agosti na Oktoba. Hilo makala haikulisema na ndio kitu cha kwanza mtu anatakiwa ajue kabla hajakata tiketi ya ndege.

Afu tokeni nje muone ukuta mrefu umesimama peke yake pembeni, una madirisha hayana kanisa nyuma yake. 1339 watu wa Siena waliamua hili kanisa ni dogo, wakapanga kujenga jingine kubwa kiasi kwamba lililopo lingebaki kuwa mbavu zake tu, ushindani na Firenze huo, hamna kingine. Miaka 9 baadaye ikaja tauni ya 1348 ikafagia watu, na ujenzi wenyewe ulikuwa na kasoro, kazi ikasimama mpaka leo. Huyo Lorenzetti naye inaaminika alikufa kwenye tauni hiyo hiyo. Huo ukuta unapandika kwa ngazi nyembamba, na mimi kwa maoni yangu unaona mji vizuri zaidi kuliko kwenye mnara kwa sababu mnara wenyewe unauona.

Ila sababu kubwa ya kulala Siena ni jioni. Mabasi yakiondoka mji unabaki na wenyewe, na wenyewe wamegawanyika kontrada 17, yaani mitaa, kila mtaa na bendera yake, kanisa lake, makumbusho yake na chemchemi yake ambapo watoto wanabatizwa ubatizo wa mtaa. Kuna mtaa wa Kobe, wa Konokono, wa Nungunungu, na ndio, kuna wa Twiga. Ukitembea kichochoroni angalia kwenye kona utaona kibao kidogo cha alama, ukivuka umeingia kwa watu wengine. Nilikuta vijana wanafanya mazoezi ya ngoma na kurusha bendera, mmoja mdogo kabisa bendera inamzidi urefu, akiidondosha anaiokota anaanza upya na hakuna anayemcheka, wanamsubiri tu. Hakuna tiketi, hakuna kiti, unasimama unaangalia.

Mitaa hiyo ndio inayoshindana kwenye mbio za farasi, Palio, pale pale Piazza del Campo, 2 Julai na 16 Agosti, farasi 10, mizunguko mitatu, dakika moja na ushee imeisha, na farasi akifika bila mpandaji anahesabiwa kashinda. Kusimama katikati ya uwanja ni bure ila ingia mapema na ujue ukishafungiwa choo hakuna.

Wakatoliki wasisahau kanisa la San Domenico, kichwa cha Mtakatifu Katarina wa Siena kipo pale, mwili uko Roma, na nyumba ya kwao iko karibu, baba yake alikuwa fundi wa kutia nguo rangi. Katarina ndio yule yule aliyemwandama Papa Gregori wa 11 kwa barua mpaka akatoka Avignon, mapapa walikokuwa wamehamia, akarudi Roma 1377.

Mkiandika tena naomba muweke na haya: stesheni ya treni iko bondeni, mji uko juu kilimani, kuna ngazi za umeme za kukupandisha kwahiyo usianze kuburuza sanduku kwa miguu, au panda basi la Firenze linalokuleta karibu na kuta za mji. Gari la kukodi liache nje kabisa, katikati magari yalizuiwa tangu miaka ya 1960 na siku hizi kamera ndio zinazokupiga picha, faini inakufuata mpaka kwa waliokukodisha. Na viatu viwe vya kutembelea kweli, mji wote ni milima na mabonde.

Msomaji wenu wa kila wikendi